Supu ya Mtani

"Mchukueni kabla ya chakula cha mchana," Meneja Lyatuu alisema, hata kabla Inspekta Nyamizi Kasuka hajateremsha mguu wa pili kutoka garini. "Wageni wapya wanatua saa nane. Sitaki wakute gari la polisi hapa."

Alikuwa amesimama na sinia la vitaulo baridi, kama anavyowapokea wageni wote wa Kambi ya Mninga, maana mazoea yana tabu. Inspekta alichukua kimoja akajifuta vumbi la Iringa usoni. Koplo Pazi, dereva wake, alichukua viwili.

"Nimchukue nani?"

"Sabina Luvanda. Mtandika mahema wangu. Begi lake limeshafungwa, nimemwamuru mwenyewe."

"Amekiri?"

"Hana haja ya kukiri, mama. Jambo liko wazi kama jua."

"Kama liko wazi hivyo, mimi mmeniitia nini?"

Lyatuu aliweka sinia chini, akashusha sauti, akaanza kueleza. Inspekta alimwacha aeleze ingawa mengi alikwisha kuyasikia. Alfajiri ya Jumatatu tembo dume alitoka kwenye mchanga wa mto, akayapita mahema ya wageni bila hata kuyatupia jicho, akaenda moja kwa moja nyuma kwa wafanyakazi. Huko kuna mahema sita. Aliyaacha matano akalipasua moja, akakipindua kitanda na mwenye kitanda. Mwenye kitanda ni Oswini Gama, Mngoni wa Songea, mwongoza watalii mkuu wa kambi. Sasa yuko hospitali mjini Iringa, paja limevunjika na mbavu zimebonyea. Jana daktari alimwambia Inspekta kwamba ataishi. Alipoulizwa kama atatembea tena porini mbele ya wageni na bunduki begani, daktari alitazama dirishani.

"Tulipoinua kitanda tukakuta mabaki ya nanasi," Lyatuu alisema. "Nanasi, mama! Hapa mtu haingii na tunda hemani, hata chungwa moja. Ni sharti la kwanza, mgeni na mwenyeji. Tembo ananusa nanasi toka ng'ambo ya mto. Sasa, takataka za matunda tunazifungia kwenye banda la wavu. Ufunguo anao nani? Sabina. Jumapili jioni nani alionekana na ndoo ya maji akielekea kwa Oswini? Sabina. Na mchana wake nani alipiga kelele pale kwenye kamba za nguo, 'Nitakuonyesha, Oswini'? Watu wote walisikia."

"Sababu?"

"Ni mchumba wake. Kuna mgeni hapa, bibi harusi wa Dar, alimpa Oswini skafu yake. Sabina akaiona." Alifungua mikono yote miwili. "Wivu, mama Inspekta. Mwanamke akishikwa na wivu, mwogope."

"Na mwanaume akishikwa?"

Lyatuu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Inspekta alikuwa amekwisha kuambiwa na daktari, aliyeambiwa na mgonjwa, kwamba wageni wakipiga simu humuulizia Oswini kabla hawajauliza kama kuna maji ya moto, na kwamba mwenye kambi, kila akipiga kutoka Ulaya, humaliza na "msalimie sana Oswini". Meneja ndiye anayetumwa kuzifikisha hizo salamu.

Kambi ya mahema haina siri. Kuta ni turubai, milango ni zipu, mtu akikoroma hema la kwanza wa hema la mwisho anajua amelala chali. Mahali kama hapo wivu haulali na njaa hata siku moja.

"Nionyeshe hema," Inspekta alisema.

*

Hema la Oswini lilikuwa limelala chini kama ngozi ya mnyama aliyechunwa ovyo. Nyayo za tembo zilikuja kutoka mtoni zimenyooka, bila kuzunguka, bila kusita. Inspekta alizifuata kwa macho mpaka zilipoishia, akapiga magoti.

"Pazi, leta mkoba wangu."

"Mnyamwezi anataka kubebewa mzigo?" Koplo Pazi alishangaa kwa sauti kubwa, mbele ya meneja. "Babu zako walibeba meno ya tembo toka Tabora mpaka pwani bila kutua, wewe mkoba tu unakushinda?"

"Na babu zako Wazaramo walikuwa wamelala chini ya mnazi wanangoja wafike. Lete mkoba, mvivu."

Lyatuu alikohoa. Mchaga huyu alikuwa hajazoea kuona koplo akimtukana inspekta mchana kweupe, lakini hakuna aliyemfafanulia. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani toka enzi za misafara, na hawa wawili walikuwa wametukanana toka Iringa bila kupumzika.

Inspekta alifunua sakafu ya turubai upande wa nyuma, pale kichwa cha kitanda kilipokuwa. Udongo chini yake ulikuwa na doa jeusi, bado una unyevu, na sisimizi wamejaa. Maganda machache ya nanasi yalikuwa yamebandikana na mchanga.

"Haya, nusa."

Pazi alinusa. "Nanasi lililooza."

"Nusa vizuri. Pua yako imelelewa na mnazi, leo ndiyo siku yake."

Alinusa tena, safari hii akafumba macho kwa heshima. "Hapana. Hii imeumuka, Afande. Ina sukari, imekaa siku kadhaa, imeanza kuwa pombe. Tembo mtu mzima hawezi kuipita hii. Hata mimi imenisumbua kidogo."

"Na iko wapi?"

"Chini ya sakafu."

"Sakafu ya hema hili imeshonwa na kuta. Mtu wa ndani hawezi kumwaga kitu chini yake. Tazama kigingi hiki." Aligusa kigingi cha nyuma. Vigingi vingine vilikuwa vimeota kutu na udongo umevigandia. Hiki kilikuwa kimechomwa upya, na jiwe lililokigongea lilikuwa pale pale. "Mtu aling'oa kigingi, akainua turubai kwa nje, akamwaga, akakirudisha. Na amemwaga pale Oswini anapolaza kichwa."

Lyatuu alisogea kutazama. "Sabina…"

"Sabina anaingia humu kila siku kwa mlango. Bwana Lyatuu, wewe ukitaka kuchukua kuku bandani kwako, utaruka uzio?"

"Lakini ufunguo wa banda la takataka…"

"Takataka mnazifanyaje?"

"Tunazichoma. Kila jioni, ni sharti."

"Kila jioni. Basi humo hakuna ganda linaloweza kukaa siku kadhaa mpaka liumuke." Alisimama, akajikung'uta magoti. "Nipeleke kwa huyo bibi harusi."

*

Bwana Harith Barwani na mkewe Ghanima walikuwa kwenye hema la chakula, wameketi kwenye viti vya kitambaa, wanautazama mto uliobaki mchanga. Mke alikuwa na darubini. Mume alikuwa na filimbi shingoni, ile ambayo kila hema hupewa kwa ajili ya kumwita askari usiku.

"Nilimchukia, ndiyo," Barwani alisema kabla hajaulizwa. "Andika."

"Siandiki. Nasikiliza."

"Hii ni fungate yangu, Inspekta! Nimemleta mke wangu aone simba. Siku tatu nzima ananisimulia jinsi yule bwana anavyosoma mavi ya chui. Mavi! Ati, 'Harith, ameyashika akajua alikula nini jana.' Mimi nimemjengea nyumba Mbweni, hajanitazama vile."

"Harith, nyamaza basi," Ghanima alisema bila kushusha darubini.

"Na skafu?"

"Skafu nilimpa mimi. Jua lilikuwa linamchoma shingo. Angekuwa bibi kizee wa miaka tisini ningempa pia."

"Hakuwa bibi kizee," Barwani alisema.

"Ulimfuata hemani kwake, bwana Barwani?"

Alisita. "Jumapili mchana. Nilitaka kumwambia aangalie wake za watu kwa adabu. Sikumkuta. Nikarudi."

"Na usiku?"

Hapo Ghanima alishusha darubini akacheka mpaka akashika tumbo. "Usiku? Huyu? Huyu analala na filimbi mdomoni! Swala akikohoa anapuliza. Jumapili amepuliza mara nne, muulizeni askari. Mara ya mwisho ilikuwa kwa sababu ya popo."

"Alikuwa mkubwa," Barwani alisema kwa uchungu.

Inspekta aliangalia kitambaa cha mezani ili asicheke. Mtu anayemkimbia popo hamwaliki tembo, na anayelindwa na askari mlangoni hana nafasi ya kwenda kung'oa vigingi. Alikuwa anainuka Ghanima alipoongeza, kana kwamba anamtafutia mumewe sifa:

"Lakini si kwamba hapendi chochote hapa. Ile juisi ya maganda ya nanasi ya mpishi ameipenda sana. Ina ukali fulani hivi. Juzi alitaka nyingine, ikawa hakuna, tukapewa ukwaju."

"Juzi lini?"

"Jumatatu. Siku ile ile ya ajali."

*

Sabina Luvanda alikuwa anapiga pasi shuka za wageni kwa pasi ya mkaa, begi lake liko miguuni, limefungwa kwa kamba. Alimtazama Inspekta, akalitazama gwanda, akaendelea kupiga pasi.

"Niache nimalizie hizi nne. Mtu akinifunga asiseme niliacha kazi."

"Ulisema utamwonyesha."

"Nilisema. Skafu inanuka marashi ya mwanamke mwingine, ulitaka niimbe pambio?" Aligeuza shuka kwa ghadhabu. "Na nikamwonyesha kweli. Jioni nilimpelekea ndoo ya maji ya kuoga, nikaisimamisha mbele yake akaona ni ya moto, nikaimwaga chini. Nikamwambia nenda ukaogeshwe na mwenye skafu. Hiyo ndiyo ndoo aliyoiona meneja."

"Nani alishuhudia?"

"Kastory, mpishi. Alikuwa jikoni, ni pale tu. Muulize." Mkono wake ulisimama. Aliiweka pasi kando. "Maneno yangu ya mwisho kwa Oswini ni hayo, afande. Nenda ukaogeshwe. Usiku ule ule nikajuta, nikasema asubuhi nitampelekea ndoo mbili. Asubuhi ndiyo ile."

Koplo Pazi alikuwa ameegemea mti anatafuna karanga za kambi. Inspekta alimpa Sabina muda wa kufuta uso kwa kona ya shuka ya mgeni.

"Huyu Kastory ni mtu wa namna gani?"

"Mhehe mwenzangu, wa kwetu Kilolo. Ndiye aliyenitafutia kazi hapa, miaka miwili sasa. Namwita kaka."

"Anaelewana na Oswini?"

Kwa mara ya kwanza Sabina alitabasamu. "Watani, afande! Mhehe na Mngoni, si unajua. Hawaamkiani mpaka watukanane kwanza. Oswini anamwita mwenzake mla mbwa, Kastory anamjibu mla panya. 'Leo nakuua, Mngoni.' 'Utaniua na nini, kisu umeshachinjia mbwa?' Kila asubuhi hivyo, mpaka wageni wanauliza kama wanagombana." Alikunja shuka akikumbuka. "Siku ya posa, Kastory alikuja nyumbani akalala mlangoni. Akasema Mngoni hapiti, mababu zenu walituibia ng'ombe, leo mnataka na dada zetu. Wazee walicheka mpaka pombe ya ulanzi ikamwagika."

"Wakampa nini awapishe?"

"Kuku. Akakataa. Wakampa wawili, akakataa. Alilala pale mpaka jua likapinda. Mwisho baba alimwinua kwa mkono."

"Mpaka hapo bado walikuwa wanacheka?"

"Wengine walikuwa wameacha," Sabina alisema taratibu, kama anayelitazama jambo hilo upya.

"Na baada ya ajali, Kastory amekuwaje?"

"Amehuzunika kutupita sote. Hacheki wala hataniani na mtu. Jana gari la kambi lilipokuwa linakwenda hospitali aliagiza lisubiri, akachinja kuku, akapika supu nzuri, akampa dereva aipeleke. Akasema, 'Mwambieni Oswini pole sana ndugu yangu, Mungu amponye.' Kambi nzima tulisema, kumbe Kastory ana moyo hivi."

Koplo Pazi aliacha kutafuna.

"Alisema nini?"

"Pole sana, ndugu yangu."

"Na hiyo supu ilikuwa supu? Haikuwa na mkia wa panya ndani? Hakutia hata mfupa mtupu?"

"Kuku mzima. Na viazi."

Pazi alimtazama Inspekta, na Inspekta alikuwa anamtazama yeye. Mwaka jana baba yake Inspekta alipofariki, Pazi alisafiri mpaka Tabora, akaingia kaburini na viatu vyake, akajinyoosha. Alisema mzee huyu alikuwa mpagazi wao, hazikwi mpaka wenyewe walipwe jogoo. Nyamizi alikuwa hajala siku mbili. Alicheka pale juu ya udongo, huku machozi yanamtoka, na jioni ile alikula. Watu mia walimpa pole wiki ile na hamkumbuki hata mmoja.

"Mtani hana pole," Pazi alisema. Sauti yake ilikuwa imepoteza mchezo wote. "Siku nitakapokuambia pole, Afande, nikamate."

"Hilo halimpeleki mtu mahakamani."

"Halimpeleki. Lakini linatupeleka jikoni."

*

Kastory Kihwele alikuwa anaoka mkate ndani ya sanduku la bati lililofukiwa kwenye makaa, kazi anayoifanya kwa mikono mitupu na bila saa. Alikuwa mtu mnene kiasi, msafi, kofia nyeupe imekaa sawasawa. Nyuma yake, kivulini, kulikuwa na pipa la plastiki la bluu lenye kifuniko. Lilikuwa limeoshwa likang'aa.

"Karibuni sana, afande. Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Pipa hilo ni la nini?"

"La juisi ya maganda. Naloweka maganda ya nanasi, sukari, tangawizi. Wageni wanaipenda."

"Inakaa muda gani?"

"Siku nne. Ikizidi inakuwa pombe."

"Ya wiki hii uliiloweka lini?"

"Alhamisi."

"Basi Jumatatu ilikuwa tayari. Wageni wakanywa ukwaju."

Kastory alipekua makaa kwa kijiti. "Iliharibika. Niliimwaga."

"Wapi?"

"Kwenye banda la takataka."

"Ufunguo anao Sabina. Ulimwomba?"

"La… kwa kweli niliimwaga mtoni."

"Lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ile ya Jumatatu, tembo yuko kambini, watu wanapiga kelele, wewe ukabeba pipa ukaenda mtoni?"

"Kabla ya hapo. Naamka wa kwanza, kabla ya ndege. Nachemsha kahawa ya wageni."

"Gizani. Peke yako. Mtoni walikojaa tembo." Inspekta alikuwa anaongea polepole, bila ukali. "Na meneja wako amewakataza kufika huko bila askari. Askari wa zamu nimwite nimuulize?"

"Afande, mimi ni mpishi. Nilimwaga tu hapo nyuma, sikumbuki. Jikoni vitu vinamwagwa kila siku."

"Ni kweli." Aliketi kwenye kigoda cha mpishi. "Jana nilikuwa kwa Oswini. Anakusalimu."

"Ahsante."

"Anasema Wahehe mbwa wamewaishia, sasa mnatuma tembo."

Koplo Pazi alisubiri. Inspekta alisubiri. Hata Sabina, aliyekuwa amewafuata na begi lake mkononi, alisimama akisubiri, maana mpira ulikuwa umerushwa vizuri na ulihitaji mguu tu.

"Mwambie namwombea apone haraka," Kastory alisema.

Inspekta aliinuka. "Mwambie mwenyewe. Simu inashika wapi hapa?"

*

Kambi ya Mninga ina mahali pamoja tu penye mtandao, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko. Wafanyakazi wamechimba vidaraja vya kupandia. Inspekta alipanda, Kastory akafuata, Pazi akabaki chini pamoja na Sabina. Lyatuu alikuja mbio akitazama saa.

"Mkate! Mkate uko motoni, nani atautoa?"

"Utoe wewe," Pazi alimwambia.

Muuguzi alipokea, akampelekea mgonjwa simu. Inspekta alifungua spika akampa Kastory. Kastory aliishika kama anayeshika chungu cha moto bila kitambaa.

"Nani?" Sauti ya Oswini ilikuwa nyembamba, lakini ni ile ile iliyokuwa ikiwaamsha watu kambini.

"Mimi. Kastory."

"Aah! Mla mbwa!" Alianza kucheka, akaguna kwa maumivu, akacheka tena. "Usinichekeshe, mbavu zangu hizi. Wewe shenzi, ulikuwa wapi? Wangoni wote wa Iringa wamekuja hapa wananililia kama maiti, nikasema ngojeni mtani wangu aje, yeye ndiye atakayenitoa kitandani. Hakuna mtu. Inakuja supu! Supu ya kuku, kama nimeletewa na mama mkwe! Nimeikoroga yote natafuta mkia wa panya. Hakuna mkia! Nikasema Mhehe huyu kafa, kapika mwingine."

Chini ya kichuguu Sabina aliziba mdomo. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo toka Jumatatu.

"Unaendeleaje, Oswini?" Kastory alisema.



"Umeniitaje?"

"Nakuuliza unaendeleaje. Umepata dawa?"

"Kastory." Kicheko kilikuwa kimeondoka. "Nitukane."

"Pumzika, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako. Nitukane. Sema nimelala kama panya kwenye mtego. Sema tembo amenitema kwa harufu. Sema lolote, Kastory, neno moja tu." Alikuwa anahema. "Sema basi."

Kastory alifungua kinywa. Wote waliona jinsi alivyojaribu. Midomo ilishika neno, neno likakataa kutoka. Macho yake yalimtafuta Sabina, yakamkuta na begi lake, yakabaki hapo.

"Nilikuwa nakuambia," alisema mwisho. Hakuwa anasema na simu wala na Inspekta. "Kila siku nilikuwa nakuambia. Leo nakuua, Mngoni. Nilisema mbele ya watu wote. Nililala mlangoni kwao nikasema hupiti. Mlicheka. Kila nilichokisema mlicheka."

"Kaka Kastory," Sabina alisema.

"Ndiyo. Kaka. Mimi nilikuleta hapa, mimi nilikufundisha kukunja pembe za shuka, nikangoja. Nikasema azoee kwanza, haraka ya nini. Akaja huyu na bunduki na hadithi za chui, mwezi mmoja tu. Na mimi ndiye nikapika chakula cha posa." Alifuta kidevu kwa mgongo wa mkono. "Jumapili ulipomwaga yale maji nikafurahi. Nikasema yamekwisha. Usiku nikakuona umekaa nje ya hema lako unalia kwa ajili yake. Asubuhi nilipofungua pipa, ule ukali ulikuwa tayari umenipanda puani. Nilitaka aogope tu. Ahame."

"Kichwani kwake?" Inspekta aliuliza. "Ulimwaga kichwani kwake ili aogope?"

Kastory alivua kofia yake nyeupe. Koplo Pazi alikuwa ameanza kupanda kichuguu, pingu mkononi, na hakuwa na neno lolote la kumtania mtu.

Walikuwa wamesahau kwamba simu ingali wazi. Kwa mbali zilisikika sauti za wodi, sahani, mtoto analia, kisha pumzi ya mtu anayejikusanya ili aongee bila kuumiza mbavu.

"Haya, bwana Kihwele," Oswini alisema. Alisema kwa adabu kamili, kama anavyosema na mgeni anayeondoka kambini. "Nashukuru kwa kupiga simu."

Akakata. Kastory aliendelea kuishika ile simu mbele ya mdomo wake, na ilimbidi Inspekta amfungue vidole kimoja kimoja ili aichukue.